Bibi Thackeray wa Mbweni: Mwalimu wa Dada Zetu wa Kiungani

Ni desturi yetu, kila tunapokutana wanafunzi wa zamani, kutenga kurasa chache za jarida hili ili kumkumbuka mtu mmoja aliyetangulia, ambaye kazi yake imetuletea matunda tunayoyala sisi. Safari hii tunamkumbuka mtu ambaye hakuwa mwalimu wa shule yetu. Alikuwa mwanamke, alifundisha wasichana, na alifundisha ng'ambo ya bahari, Unguja. Huenda ndugu zetu wengine wanaoshuka treni Soga au kupanda mlima wa Kisarawe kuja mkutanoni wakauliza amefikaje katika kurasa za wavulana wa Minaki. Tunaomba wasome mpaka mwisho, nao wataona kwamba tumechelewa sana kumtaja.

NASABA YENYE UPANDE MMOJA

Kila aliyepita Minaki anaijua nasaba ya shule. Katika mwaka 1857 David Livingstone aliwahutubia wasomi wa Cambridge, na kutokana na hotuba hiyo ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA. Msafara wa kwanza, uliokwenda upande wa mto Shire, ulipatwa na maradhi, njaa na vita, na Askofu Mackenzie akafariki huko 1862. Askofu Tozer aliyemfuata akaona heri kuanzia pwani, naye akahamia Unguja 1864 pamoja na Dakta Edward Steere. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Kutokana na hao watano kikakua Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Mwaka 1925 chuo hicho kilivushwa bahari kikaletwa Minaki, karibu na Kisarawe.

Hivyo ndivyo tunavyoisimulia, na yote ni kweli. Lakini nasaba hii imesimama kwa mguu mmoja. Ni sawa na mtu anayetaja baba, babu na baba wa babu, asimtaje mama hata mmoja, kana kwamba ukoo mzima ulizaliwa na wanaume. Wavulana wa Kiungani walipotoka chuoni kwenda kufungua shule Bonde, Masasi na kandokando ya Ruvuma, wengi wao hawakwenda peke yao. Walikwenda na wake zao, na wengi wa wake hao walikuwa wamesoma. Walisomea wapi? Walisomea Mbweni, na kwa miaka 25 mkuu wa shule ya Mbweni alikuwa Bibi Caroline Thackeray.

ALIKOTOKA

Bibi Thackeray alikuwa Mwingereza, wa ukoo uleule wa mwandishi mashuhuri wa riwaya, William Makepeace Thackeray. Hakutoka katika nyumba ya dhiki. Alikuwa na uwezo wake mwenyewe, na kama angependa angeweza kukaa kwao maisha yake yote akitembelewa na wageni na kunywa chai. Alipofika Unguja mwaka 1877 hakuwa msichana mdogo anayetafuta mambo ya ajabu. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, mwenye kujua anachokifanya.

Safari yenyewe ilikuwa imerahisika kidogo wakati huo. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869, na meli za barua zilikuwa zikipita Aden kuja Unguja tangu 1872. Lakini homa ilikuwa ileile. Makaburi ya wamisheni vijana yalikuwa yameanza kujipanga, na kila aliyepanda meli alijua kwamba huenda asirudi.

Hapana budi pia kueleza masharti ya kazi. UMCA haikuwalipa mishahara watumishi wake waliotoka Uingereza. Walipewa makao, chakula na posho ndogo, basi. Tena ilikuwa misheni ya watu wasio na ndoa. Kwa kawaida mwanamke akiolewa aliacha kazi. Kwa hiyo mwanamke aliyeingia humo na kuzeeka humo alikuwa amekata shauri la kutokuwa na mume wala mtoto, wala akiba itokanayo na jasho lake. Bibi Thackeray alikata shauri hilo na hakulitengua.

WASICHANA WENYEWE

Tukitaka kuielewa shule ya Mbweni lazima kwanza tujue waliingia nani. Shule nyingine huanza kwa wazazi kuleta watoto wao. Mbweni ilianza kwa watoto ambao wazazi wao hawakujulikana walipo.

Biashara ya watumwa ilikuwa ikiwatoa watu mbali: Uyao, Nyasa, Umakua, Uzigua na kwingineko. Wanawake na watoto walikuwa wengi katika misafara hiyo. Msichana aliyefikishwa Unguja aliweza kuuzwa awe mtumishi wa nyumbani, au mkulima wa shambani, au suria wa bwana wake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Kanisa Kuu la Mkunazini lilianza kujengwa penye soko mwaka huohuo. Lakini mkataba haukuwa mwisho wa mambo. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri usiku, na manowari za Waingereza ziliendelea kuyafukuza. Tangu 1874 manowari kubwa iitwayo London ilikaa bandarini Unguja kwa kazi hiyo hasa.

Jahazi lilipokamatwa, watu waliomo waliachiliwa huru. Sasa waende wapi? Mtoto wa miaka saba aliyebebwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma hakuweza kurudi kwao. Mara nyingi hakujua hata jina la nchi yao kwa namna ambayo mtu wa pwani angeitambua. Basi Balozi wa Uingereza, Dakta John Kirk, aliwagawa kwa misheni. Wengine walikwenda kwa mapadri Wafaransa wa Bagamoyo, wengine Freretown karibu na Mombasa baada ya kijiji hicho kuanzishwa 1875, na wengine UMCA. Wavulana wa UMCA waliingia Kiungani. Wasichana hapo mwanzo walitunzwa mjini, na aliyewaangalia alikuwa Helen Tozer, dada yake Askofu.

Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, kilomita kama saba kusini ya mji, ufukoni. Dakta Steere alipokuwa Askofu mwaka 1874 aliweka hapo kijiji cha watu walioachiliwa huru, wapate viwanja, walime na wajitegemee. Wasichana nao wakahamishiwa hapo, katika jengo kubwa lililoongezwa juu ya nyumba ya shamba, lenye ua ndani na kanisa dogo lake. Hiyo ndiyo Shule ya Mtakatifu Maria, ambayo Bibi Thackeray aliikuta ikiwa bado changa.

KAZI YA KILA SIKU

Fikirini, ndugu zangu, darasa la aina hiyo. Huyu anasema Kiyao, yule Kimakua, wa tatu Kinyasa. Hawaelewani wao kwa wao, wala hawamwelewi mwalimu. Wengine ni wagonjwa kwa njaa ya safari. Wengine wana hofu, maana kila mtu mzima waliyekutana naye njiani aliwauza kwa mwingine, nao hawana sababu ya kufikiri kwamba mtu huyu mpya hatawauza.

Lugha iliyowakusanya ilikuwa Kiswahili. Hapa Bibi Thackeray alifaidi kazi ya Askofu Steere, ambaye alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wa hadithi za Waswahili mwaka 1870, na aliyekuwa akipiga chapa vitabu vya kusomea hapohapo Unguja. Wasichana wa Mbweni walisoma Kiswahili cha Unguja kwa herufi za Kirumi zaidi ya miaka 50 kabla ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki. Kabla ya kusifu wanasarufi wa miaka ya 1930, tukumbuke kwamba wapo watoto wa kike waliokuwa wameinama juu ya kurasa hizo wakati babu wa wanasarufi hao bado hai.

Askofu Steere hakutaka watoto wageuzwe Waingereza. Alitaka wabaki watu wa nchi hii, wale chakula cha nchi na waseme lugha ya nchi. Kwa hiyo siku ya Mbweni ilikuwa na sala, kusoma, kuandika na hesabu, na pamoja na hayo ilikuwa na jembe, jiko, sindano na ufagio. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Msichana aliyekwisha kujua kusoma alipewa kundi lake la wanaoanza, na kwa njia hiyo ualimu uliingia mikononi mwake kabla hajajua kwamba unaitwa ualimu. Watoto wa kijijini nao walisoma wakitokea kwao na kurudi kwao, kwa hiyo Mbweni ilikuwa bweni kwa yatima na shule ya kutwa kwa wenye wazazi.

Baada ya muda wasichana waligawanywa mafungu mawili. Walioonekana wepesi wa vitabu waliendelea na masomo ili wawe walimu. Walioonekana wazito waliwekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kupika, kushona na kusuka. Mgawanyo huo ulisaidia, kwa sababu hakuna msichana aliyefukuzwa kwa kutojua kusoma. Lakini pia ulimkata mtoto hukumu mapema. Mtoto aliyepoteza wazazi, kijiji na lugha yake katika mwaka mmoja aliweza kuonekana mzito wa akili, kumbe alikuwa mzito wa moyo. Jambo hili walimu wa leo wanalijua vizuri zaidi kuliko walimu wa zama zile.

MBWENI NA KIUNGANI

Barabara ya kutoka mjini kwenda Mbweni inapita Kiungani. Kwa hiyo shule hizi mbili zilikuwa jirani, na walezi wake walikuwa wenye shabaha moja. Misheni ilitaka kuwapeleka bara walimu na mapadri Waafrika. Nao wakaona kwamba mwalimu asiye na mke aliyefunzwa hatafika mbali. Atafika kijijini, atafundisha wavulana, lakini nusu ya kijiji itabaki nje ya mlango wake, maana mila haikumruhusu mwanamume kijana kuwakusanya mabinti za watu. Mke wake ndiye aliyeweza kuingia jikoni na kisimani, na kuwakusanya wasichana kibarazani.

Kwa hiyo vijana wengi wa Kiungani walioa Mbweni. Mfano tunaoujua ni wa Padri Cecil Majaliwa. Yeye alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa kuendelea na masomo Canterbury, Uingereza. Alifanya kazi Chitangali, karibu na Ruvuma, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Mkewe Lucy alikuwa mwalimu aliyetoka Mbweni. Habari za Padri Majaliwa zimeandikwa vitabuni. Za Lucy ni mstari mmoja au miwili. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba ya mwalimu kijijini anajua kwamba katika nyumba hiyo hakukuwa na mtumishi mmoja, walikuwako wawili.

Kazi hiyo haikuwa ya raha. Mwaka 1876, kabla ya Bibi Thackeray kufika, Askofu Steere alikuwa amekwisha kuongoza kundi la watu waliotoka Mbweni kwenda bara, nao wakaanzisha makao Masasi. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wangoni, wale ambao watu wa huko waliwaita Magwangwara, na watu wa misheni wakauawa na wengine wakatekwa. Baadhi ya waliokombolewa utumwani wakajikuta tena utumwani. Kila mara Bibi Thackeray alipomwona msichana wake akipanda jahazi kwenda bara na mumewe, alijua kwamba anamrudisha katika njia zilezile zilizomleta akiwa amefungwa.

LAWAMA ZISIZOFICHIKA

Hatuandiki haya ili tumfanye malaika. Mtu wa zamani akisifiwa bila kupimwa anageuka sanamu, na sanamu haifundishi mtu kitu.

Kwanza, ndoa hizo tulizozisifu hazikuwa shauri la mke na mume peke yao. Misheni ilikuwa na sauti kubwa ndani yake, kwa sababu ilisimama mahali pa wazazi. Ni kweli kwamba wazazi wa pwani na wa bara wa zama hizo nao walipanga ndoa za watoto wao. Lakini msichana aliyekataa chaguo la baba yake aliweza kukimbilia kwa shangazi au kwa mjomba. Msichana wa Mbweni alikuwa na shangazi gani?

Pili, kijiji cha Mbweni kilikuwa na amri nyingi. Waliokaa hapo walikuwa huru kwa sheria, lakini shamba lilikuwa la misheni, kanisa lilikuwa la misheni, na mwenye kwenda kinyume cha taratibu za misheni aliona haraka kwamba uhuru wake una mipaka. Wapo waliochoka wakaenda zao mjini. Mji wa Unguja ulikuwa na ngoma, biashara, majirani na dini ya wenyeji, na mtu aliweza kujitafutia ukoo mpya humo. Walezi wa Mbweni, na Bibi Thackeray miongoni mwao, walihuzunika kila mara msichana alipoondoka kwenda kuolewa na Mwislamu wa mjini. Kwao hiyo ilikuwa hasara. Kwa msichana mwenyewe huenda ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kwenda mahali alipopachagua.

Tena si haki kusema kwamba kabla ya Mbweni wasichana wa Unguja hawakusoma. Vyuo vya Kurani vilikuwako, na mabinti wengi wa Kiislamu walisoma humo kwa herufi za Kiarabu. Kilichokuwa kipya Mbweni ni msichana asiye na ukoo wala mali kufundishwa kwa nia ya kuwa mwalimu mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo zito: shule iliandika majina ya watu wakubwa na kuwaacha wadogo. Bibi Thackeray tunaye kwa jina na ukoo. Wasichana wake wengi walipewa majina mapya ya ubatizo, na majina waliyopewa na mama zao yakapotea. Huo ni utumwa wa mwisho ambao hakuna manowari iliyoukomesha.

Pamoja na hayo yote, tumpe haki yake. Mwaka 1897, tarehe 6 Aprili, Serikali ya Unguja ilitangaza kwamba sheria haitautambua tena utumwa. Tangazo hilo liliwaacha nje masuria. Wanawake hao walisubiri mpaka 1909 ndipo sheria ikawafikia. Wakati serikali na wenye hekima wake walipokuwa bado wanahesabu ni mwanamke gani anastahili uhuru na ni yupi asubiri kidogo, Mbweni ilikuwa imekwisha kuwaweka wasichana mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka 20, ikiwatendea kama watu wenye akili. Makosa ya Bibi Thackeray yalikuwa makosa ya mlezi mwenye kushika sana. Makosa ya wengi wa wakati wake yalikuwa ya kutojali kabisa.

UZEE WAKE

Mwaka 1902, baada ya miaka 25, Bibi Thackeray aliacha ukuu wa shule. Wamisheni wengi walipostaafu walirudi kwao. Yeye hakurudi. Dakta Kirk alikuwa na nyumba yake Mbweni, ufukoni, yenye bustani ya miti aliyoikusanya kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa mimea. Kirk alipoondoka Unguja kwa moja, Bibi Thackeray aliinunua nyumba hiyo, na humo ndimo alimokaa uzeeni. Kwa hiyo nyumba ya balozi aliyekuwa akiwagawa watoto wa majahazi ikawa nyumba ya mwanamke aliyewapokea.

Alikaa hapo miaka mingine zaidi ya 20, jirani na jengo la shule, jirani na Kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa 1882, na jirani na watu aliowafahamu tangu walipoletwa wadogo, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye watoto wao. Alifika Unguja wakati wa Barghash, naye akashuhudia masultani wanane, tukimhesabu na Khalid bin Barghash, aliyekaa kitini siku chache tu mwezi Agosti 1896 mpaka mizinga ya Waingereza ilipomwondoa. Aliona nchi ikiwekwa chini ya himaya ya Uingereza 1890. Aliona vita vya 1914, ambapo wamisheni na walimu wa UMCA upande wa bara walifungwa na Wajerumani, wakiwamo waliosomea Kiungani.

Aliona pia shule yake ikipungua. Majahazi ya watumwa yalikuwa yamekoma, kwa hiyo chemchemi ya huzuni iliyoijaza Mbweni ilikauka, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Kazi ya wasichana ikahamia zaidi bara, ambako masista wa shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston mwaka 1911 walikuwa miongoni mwa waliyoichukua. Hatimaye jengo la Mbweni likaachwa na kuuzwa. Paa likaanguka, mizizi ikaingia kutani. Magofu yake yamebaki ufukoni, na mgeni akiyatembelea anaweza bado kuona kuta za kanisa dogo la shule.

Bibi Caroline Thackeray alifariki mwaka 1926, akiwa na zaidi ya miaka 80, na akazikwa Mbweni. Alikuwa amekaa Unguja karibu nusu karne.

KIUNGANI ILIVUKA, MBWENI ILIBAKI

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Chuo cha Mtakatifu Andrea kilikuwa kimevuka bahari. Vitabu, walimu, desturi na jina vilikuja Minaki. Kisarawe ikapata shule ambayo vijana wake walikwenda kuwa walimu, waganga, makarani, mapadri na baadaye viongozi wa nchi huru. Mbweni haikuvuka. Hakuna aliyelibeba jina lake akalipandisha mlima kulileta jirani na Minaki, zikae tena pamoja kama zilivyokaa Unguja.

Katika miaka iliyofuata wasichana walifunguliwa milango mingine. Serikali ya Unguja ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana 1927, na upande wa bara Tabora ilipata shule ya wasichana 1928. Uganda ilikuwa imetangulia kwa Gayaza mwaka 1905. Lakini tazameni tarehe hizo. Mbweni ilikuwa imekwisha kufundisha walimu wa kike nusu karne kabla ya Tabora kufungua mlango. Mahali palipotangulia ndipo palipobaki magofu, na sisi tuliorithi upande wa wavulana tukaendelea kusimulia habari kana kwamba tulijizaa wenyewe.

Ndiyo maana tunamkumbuka Bibi huyu mwaka huu. Tunapokutana, kwa kawaida tunahesabu waheshimiwa waliotoka kwetu, kisha tunachangishana kwa ajili ya bweni, maabara au mabati. Ni vema. Lakini tukishuka kutoka mlimani tunapita vijiji ambavyo wasichana wake wanasoma shule za kutwa za kata, zile zilizojengwa kwa wingi tangu katikati ya miaka ya 2000. Ada ya sekondari za serikali imefutwa tangu 2016, na tangu mwishoni mwa 2021 msichana aliyepata mtoto anaruhusiwa kurudi darasani. Sheria na taratibu zimefanya sehemu yake. Njia ya kwenda shule bado ni ndefu, na jioni inamkuta msichana bado yu njiani huku jiko likimsubiri. Kwa msichana wa Soga au wa vijiji vya ndani ya Kisarawe, kinachomkatiza masomo mara nyingi si akili. Ni umbali, ni kazi za nyumbani, na ni kukosa mtu mzima mmoja mwenye kumshika mkono asimwachie.

Bibi Thackeray alikuwa mtu mzima wa namna hiyo. Alishika mkono, wakati mwingine kwa nguvu kupita kiasi, lakini hakuuachia kwa miaka 49. Sisi tunaotokana na Kiungani tuna deni kwa Mbweni, na deni hilo haliwezi kulipwa kwa wafu. Linalipwa kwa walio hai. Basi katika mkutano wetu, wakati wa kupanga michango, na itengwe sehemu kwa ajili ya wasichana wanaosoma kutwa katika kata zinazotuzunguka: taa ya kusomea, baiskeli, au chumba cha kulala karibu na shule wakati wa mitihani.

Mwenyezi Mungu amlaze pema Bibi Caroline Thackeray, pamoja na wasichana wote wa Mbweni ambao majina yao hatunayo.